Kazi ya Kunyamaza Randburg

Jumatatu, 5 Mei 2025
Leo nimemsuka nywele Dada Lynette, Mkenya wa Randburg, upande wa pili wa jiji. Nimejua kazi yake! Kuna watu wanakula uyoga wa kuonesha maono. Yeye hauzi, hagusi. Wanaenda Uholanzi kula vinundu vyake vya ardhini, kule sheria haivikatazi. Yeye anawaandaa kabla ya ndege, na wakirudi anakaa nao mpaka waelewe walichoona na wataishi nacho vipi. Nikasema kumbe wewe mchungaji. Akasema hapana, daktari wa mambo ya moyoni.
Anatafuta mama mtu mzima wa kuwa naye chumbani, wateja wasiogope. Kazi: kuleta chai, kukaa, kunyamaza. Kukaa! Miaka yote nasuka nimesimama hapa mtaani Berea, magoti yamekuwa mbao. Nikasema ndiye mimi. Mama Gaël, tunayesuka naye chumba kimoja, akadakia eti hata yeye anajua kunyamaza. Mwongo! Dada Lynette kasema nianze mimi, kwa majaribio.

Jumatano, 7 Mei
Randburg. Kiti kina mito! Mteja anaitwa Mwaniki, mtu wa benki, karudi kutoka Uholanzi juzi. Kwenye maono alimwona marehemu baba yake amepanga foleni benki, hataki kuondoka. Akalia. Dada Lynette akamuuliza alijisikiaje. Halafu kimya. Kimya, jamani! Mtu analia, sisi tunatazama zulia. Nikajaza biskuti mdomoni. Hazikutosha. Nikasema, kaka, baba yako anangoja umhudumie, akiumwa ulikuwa kazini. Akalia zaidi, akasema kweli.
Nilifurahi. Dada Lynette hakufurahi. Kanivuta koridoni, kasema taratibu: jibu mtu analitafuta mwenyewe. Na yanayosemwa humu yasitoke. Nikasema sharp, nimeelewa.
Getini nikamkaribisha Mwaniki kanisani kwetu. Hiyo si kutoa siri. Hiyo ni kukaribisha.

Ijumaa, 9 Mei
Siri imenikaba. Hata fufu, ugali wetu, haipiti. Mama Gaël ananichokonoa kutwa. Nimenyamaza! Nimesema tu kuna mtu wa benki na mambo mazito. Akacheka: yaya, dada yangu, mdomo wako huo, hata ukishonwa na uzi wa rasta utapumulia pembeni. Wivu.
Lakini nimepata akili. Kwetu mtu akiona maono anasimama kanisani anashuhudia, mzigo unakuwa wa wote. Bila ushuhuda Mwaniki ataishi nayo vipi? Nitamshuhudilia mimi. Jina sitataja. Dada Lynette atanishukuru.

Jumapili, 11 Mei
Nimeshuhudia. Jina sikutaja! Nilisema tu Mkenya, mrefu, wa benki, gari jeupe, baba kafa mwana hajafika hospitali. Haleluya kila kona! Papa Octave, mzee wa kwaya, akapiga ngoma. Halafu kina mama wote wakageuka kutazama benchi la nyuma.
Mwaniki! Kaja kweli! Kavaa na tai. Gari jeupe hilo pale mlangoni.
Eish. Nikaona nisimwache hivyo. Nikamwita: kaka, simama wakuone!
Akasimama. Akatoka.

Jumatatu, 12 Mei
Dada Lynette kapiga simu. Hakupiga kelele, ndiyo mbaya zaidi. Kasema Mwaniki alikuwa ameanza kulala usingizi, sasa kajifungia, hataki kumwona mtu, hata yeye. Hapo niliumia, kwa kweli. Nikasema nitaenda kwake na kwaya nzima tumwimbie. Akasema hapana. Akarudia hapana.
Kiti kapewa Mama Gaël! Nimesuka mpaka giza, nimesimama.

Alhamisi, 15 Mei
Mama Gaël karudi kutoka Randburg amevimba mashavu kwa kunyamaza. Kaniuliza, yaya, ikikukaba unafanyaje? Maskini. Nikamkalisha, nikampa chai, nikamuuliza alijisikiaje, halafu nikatazama sakafu kama Dada Lynette. Inafanya kazi! Katoa yote: mama mmoja anajiandaa kwenda Uholanzi, mume wake hajui, tena mume mwenyewe tunamfahamu!
Tumekubaliana. Asubuhi namwandaa, jioni ananimwagia mpaka moyo utulie. Sasa na mimi nina mteja. Hilo la mume nimemwambia Mama Sagesse wa ghorofa ya juu peke yake, na nimemwapisha asimwambie mtu kabla yangu.