Zohali, Bangi na Mbuzi wa Faini

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nilikuwa nimewaahidi wasikilizaji jua. Sikosei mara nyingi, lakini siku nikikosea ndiyo siku ambayo mtaa wetu wote wa Kabondo umeanika nguo.

Mama Augustine, mkurugenzi wa radio yetu ya mtaa, aliniita ofisini kabla sijanywa chai. Alisema kipindi changu cha "Nyota ya Leo" kimechakaa. Alisema watu wananisikiliza vizuri sana, kisha wanafanya kinyume. Amenipa hadi Ijumaa nionyeshe kwamba nyota zangu zina kazi, la sivyo nafasi yangu ya asubuhi atapewa tonton Rashidi, mjomba wa mtaa mzima.

Rashidi! Fundi cherehani, mzee wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, kofia safi, mwavuli kwapani. Falaki alirithi kwa babu yake. Mtu akimuuliza jambo, anafumba macho, anafikiri weee, halafu anasema Mungu ndiye ajuaye. Na watu wanaondoka wameridhika! Mimi ninayewapa hadi rangi ya bahati na siku ya kukata nywele, wananicheka.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna atakayesoma. Kazi ikiisha nitapata nyingine. Ninachoogopa ni kupita barabarani nisisikie mtu akiniita Professeur Lambert. Sijawahi kufundisha hata darasa moja. Jina hilo lilitoka hewani, na nikitolewa hewani litabaki studio. Mjini hapa nitakuwa Lambert tu, kama zamani.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata dawa. Ipo katika gazeti langu la Kifaransa, lile lisilo na jalada, ambamo natoa elimu yangu yote. Ukurasa wa katikati: Zohali akirudi nyuma katika Samaki, jamii inapata msukosuko. Gazeti ni la zamani kidogo. Lakini Zohali mwenyewe ni mzee, mambo yake hayabadiliki haraka.

Asubuhi nikatangaza kwa sauti nzito: Alhamisi, saa nne kamili, mji utatikisika. Nikaongeza kwamba siku hiyo itakuwa kavu, jua kali. Sijui kwa nini niliongeza. Maneno yalikuwa yananoga.

Kufika saa sita kila mtu ananizungumzia. Muuza mikate aliuliza kama ni tetemeko la ardhi. Mwenye baiskeli ya toleka aliyenibeba aliuliza kama ni vita au bei ya mchele. Nikawajibu nyota haziingii katika mambo madogomadogo. Baadhi walikwenda kwa Rashidi kuhakikisha. Akafumba macho. Akasema Mungu ndiye ajuaye, ila wachukue miavuli. Wivu mtupu.

Jioni nikaanza kutoa jasho. Nimetangaza msukosuko, lakini sijauona ukijiandaa popote. Mji umetulia. Hata mbwa wamelala. Lazima mtu ausaidie.

Ndipo nikakumbuka bangi. Wiki hii yote radio yetu ina mjadala: bangi ihalalishwe, au ibaki kosa? Simu hazikatiki. Upande mmoja ni vijana wa teksi za moto, yaani pikipiki, wakiongozwa na Glodi, anayebeba abiria na mizigo barabara ya Bafwasende. Wanataka sheria iwaachie. Upande wa pili ni akina mama wa kikundi cha maombi, wakiongozwa na mama Émilie. Wanataka sheria ikaze zaidi. Na mama Émilie ndiye mama mzazi wa Glodi. Hawajasemeshana tangu Agosti, siku mama alipokuta kifurushi cha bangi katika mfuko wa koti la mwanawe. Glodi alihama nyumbani. Wanajibizana kupitia radio yetu tu, yeye saa tisa, mama saa kumi.

Watu wawili wasiosemeshana hawawezi kulinganisha walichoambiwa. Naona njia.

Jumatano, 5 Novemba

Siku ya kazi. Nilianza kwenye maegesho ya moto. Nikamwambia Glodi kwamba yeye ni Simba, na kwamba Alhamisi saa nne, pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara mbele ya radio, anga linafunguka kwa wote wanaodai uhuru wao. Waandamane. Aliuliza kama mvua itawaacha. Nikasema Zohali ni mkavu. Aliwaita wenzake palepale, wakaanza kutafuta kitambaa cha kuandikia.

Kutoka hapo moja kwa moja hadi uani kwa mama Émilie. Alikuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo. Nikamwambia Mirihi amesimama upande wa akina mama, na kwamba Alhamisi saa nne, pale pale rond-point, sauti yao itasikika hadi Kinshasa. Aliuliza kama Mkristo anaruhusiwa kufuata nyota. Nikamuuliza: wale mamajusi walifika Bethlehemu kwa kufuata nini? Akasema atawaambia wenzake wavae pagne za kitenge kimoja.

Alinipa sahani ya pondu na samaki. Wakati ninakula akaniuliza, bila kunitazama, kama huwa ninamwona Glodi huko mjini. Kama amekonda. Nikasema sijamwona siku nyingi. Nilikuwa nimetoka kwake muda huohuo. Jibu hilo halikunipendeza, na pondu ilipoteza ladha kidogo. Nilimaliza hata hivyo.

Kesho makundi mawili yatakutana uso kwa uso. Si vita, hapana, sitaki mtu aumie. Kelele tu. Kusukumana kidogo. Msukosuko wa kiasi, unaotosha kwa Mama Augustine.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo nitaandika taratibu.

Saa nne nilikuwa nimesimama juu ya kiti kwenye baraza ya radio, kipaza sauti mkononi, tayari kuusimulia msukosuko wangu moja kwa moja. Jua lilikuwa linawaka vizuri. Kutoka kushoto walikuja akina mama, pagne za bluu, wanaimba. Kutoka kulia moto zikaja zinapiga honi. Walipoonana, pande zote mbili zilisimama. Sekunde hiyo nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote Kisangani.

Halafu mvua ikashuka. Haikuanza kwa matone, ilimwagika yote. Kitambaa cha vijana kikayeyuka wino. Nyimbo zikakatika. Na kwa kuwa pale rond-point paa ni moja tu, wote walikimbilia baraza ya radio: akina mama, vijana, pamoja na polisi wawili waliokuwa wametumwa kutazama. Walibanana bega kwa bega kunizunguka. Tonton Rashidi peke yake alisimama nje, mkavu, chini ya mwavuli wake.

Glodi na mama yake walisukumwa hadi wakajikuta pua kwa pua. Hapakuwa na nafasi ya kugeuza kichwa.

Mama Émilie ndiye aliyeanza. Alimwambia amekonda. Glodi akasema hajakonda. Kisha, kwa kuwa ilibidi aseme kitu, akasema anachotaka ni haki tu. Akasema iko lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, inauzwa karibu na kanisa, hakuna mutu anashikwa, lakini yeye wakimkuta na kipande cha bangi analala ndani na mama anauza vitu vya nyumba ili kumtoa. Polisi mmoja alitazama viatu vyake. Mama mmoja nyuma alijibu kwamba dawa ya hilo ni kufunga lotoko pia, na wengine wakaguna, maana kuna wanaoipika.

Mama Augustine, ambaye ana akili ya biashara kuliko mimi, alininyang'anya kipaza sauti na kukiweka katikati yao.

Mama Émilie hakukiona. Alisema: "Mutoto yangu, sheria ikubali, sheria ikatae, ile ni mambo ya wakubwa. Miye niliona macho yako mwezi ya mnane. Hayakunijua tena."

Glodi akasema ile barabara ya Bafwasende usiku inamtia woga. Msitu pande zote, moto inazama matopeni, na anasikia watu asiowaona. Akivuta, woga unaondoka. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa, maana yeye ndiye chef wa wenzake. Mama yake akasema alipaswa kumwambia yeye. Akasema hata baba yake aliogopa ile barabara. Nilikuwa juu ya kiti, nimeusahau kabisa msukosuko wangu, ninakiri. Vijana wengine wakaanza kutafutana na mama zao kwa macho.

Ingekuwa vizuri kama mambo yangeishia hapo. Lakini mama Émilie, akipangusa uso kwa ncha ya pagne, aliuliza kwa nini walichagua Alhamisi.

Glodi akasema: "Ni Professeur njo alituambia."

Mama akasema: "Bon. Siye pia ni Professeur."

Macho yote yalipanda polepole hadi kwangu. Bado nilikuwa juu ya kiti. Na nje mvua ilikuwa kubwa mno, hapakuwa na pa kukimbilia.

Hawakunipiga. Walikaa baraza palepale, akina mama na vijana pamoja, wakanihukumu kwa dakika chache tu. Faini: mbuzi mmoja, ataliwa Jumapili uani kwa radio na pande zote mbili. Yote haya yalikwenda hewani.

Ijumaa, 7 Novemba

Mama Augustine ana furaha ya ajabu. Anasema radio haijawahi kupata kipindi kama kile. Kuanzia wiki ijayo kila Alhamisi kutakuwa na mazungumzo ya wazazi na watoto: bangi, lotoko, woga, kila kitu. Nikasema kwa unyonge kwamba wazo lilikuwa langu. Akasema analijua hilo, na ndiyo maana hataniacha karibu nalo.

Nyota ya asubuhi amepewa Rashidi. Mimi nimepewa communiqués: misiba, vitambulisho vilivyookotwa, mifugo iliyopotea.

Nilitoka nimeinamisha kichwa. Nilitegemea kimya. Lakini mwenye toleka aliniona, akapaza sauti: "Professeur, mbuzi iko wapi?" Muuza mikate naye hivyohivyo. Mtaa mzima, Professeur hapa, Professeur pale, wanacheka hadi wanashika mbavu. Jina wameniachia. Nilikaribia kulia.

Tena, nikifikiri vizuri, mji si ulitikisika? Saa nne kamili? Zohali alifanya kazi yake. Mvua ni jambo la pembeni.

Jioni nilimwona Glodi akimrudisha mama yake nyumbani kwa moto. Mama Émilie amekaa upande, ameshika koti la mwanawe, anamwambia apunguze mwendo, na Glodi anapunguza. Nilifurahi sana. Sijui kwa nini niliona na haya.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeamka na wasiwasi mmoja tu: mbuzi wa faini nitamtoa wapi? Nikafungua mlango wa nyuma. Mbuzi! Wa kahawia, sikio la kushoto limechanika, amesimama uani kwangu anatafuna gazeti langu. Alikuwa amefika ukurasa wa Zohali. Mimi mwenyewe nilizaliwa chini ya nyota ya Mbuzi. Kama hii si ishara, basi hakuna ishara duniani. Nikamfunga nyuma ya choo.

Radioni, communiqué ya kwanza ya maisha yangu mapya: tonton Rashidi wa Kabondo amepotewa na mbuzi wa kahawia, sikio la kushoto limechanika. Atakayemwona amrudishe.

Niliisoma vizuri, neno kwa neno. Nilikusudia kuishia hapo. Lakini mdomo uliendelea wenyewe. Ukasema nyota zinamwonyesha mbuzi huyo ng'ambo ya mto, Lubunga, na mwenye mbuzi amtafute huko huko. Baada ya muda mfupi Rashidi alipita radioni kunishukuru. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniita ndugu yake, akaenda kupanda pirogue avuke mto. Nilitamani kumwita arudi. Alikuwa anatembea haraka.

Mchana Mama Augustine akanipa habari. Kwa kuwa upande wa vijana kuna Waislamu, na chakula ni cha wote, mbuzi atachinjwa na Mwislamu. Amemwomba tonton Rashidi kwa simu. Rashidi amekubali. Kesho asubuhi, uani, mbele ya watu wote.

Nilikaa chini. Mtu wa kawaida hapa angemrudisha mbuzi, akaomba msamaha, na akanunua mwingine kidogokidogo. Ninaona kabisa kwamba njia hiyo ipo. Ni fupi, na Rashidi angenisamehe kabla sijamaliza kusema.

Lakini mimi ni mtu wa elimu. Nimekwangua masizi ya sufuria zote nilizonazo, na za jirani pia. Mbuzi sasa ni mweusi tititi, kuanzia pembe hadi kwato. Sikio nimelifunga utepe mwekundu, kama mbuzi wa sherehe. Nikimtazama kwa mbali hata mimi simjui.

Jioni hii Glodi alipita na moto, mama yake nyuma. Wanazunguka kutafuta turubai la kufunika ua kesho, maana tonton Rashidi ameshauri hivyo. Niliwaambia wasijisumbue. Nimesoma kipande cha gazeti kilichobaki, nimekisoma mara nyingi, na hakina shaka hata kidogo. Kesho ni jua siku nzima.