Mbegu ya Kwanza

Jumatatu, 5 Machi 1934
Mvua, hatimaye! Tangu nimlete Baba hapa Kericho, Mama alipofariki, yeye hukaa mlangoni akiuliza kama nyumba ya karani wa majani chai haina kazi ya mzee. Nimempunguzia usumbufu. Alfajiri, kabla hajaamka, nimepanda kishamba chetu chote cha mahindi peke yangu. Mistari kama rula! Baba akatazama matope mikononi mwangu, akauliza nani ametia mbegu ya kwanza. Mimi, nikasema kwa fahari. Akaingia ndani bila kunywa chai. Mke wangu Beldina ananiambia: Baba Yunia, kwenu ziwani mwana hapandi kabla ya baba yake aliye hai, mzee anajiuliza mlimzika lini. Ushirikina! Nimeanza makala ya gazeti, "Tuwaheshimu Wazee". Kali mno.

Jumanne, 6 Machi
Nimempa Baba cheo: Mkaguzi wa Kuni. Akazikagua. Akamaliza kabla uji haujapoa. Basi nikampeleka Kapsoit, dukani kwa hasimu wangu Muturi, watu waone mzee anavyotunzwa kisomi. Kosa! Babake Muturi alikuwa kwenye mizani, anapima viazi, anagombana na kila mnunuzi, na hakuna aliyethubutu kumpita. Muturi akaniuliza, Bwana Karani, huyu wako umemleta maonyeshoni? Nilimjibu kwa hoja nzito. Akacheka. Baba macho yake hayakutoka kwenye mizani ile.

Alhamisi, 8 Machi
Cheo kipya: kufukuza ndege. Kiti, fimbo, debe. Mahindi hayajaota, kwa hiyo ndege hawakuja. Baba amegonga debe kutwa nzima, hata mvua ya mawe ilipomshukia, asije akasemwa kuwa alikula bure. Sasa anakohoa. Beldina ananisihi nifukue pembe moja tu, mzee aweke mbegu zake pale. Niharibu mistari? Nimekataa, na sababu nimemweleza kirefu mpaka chakula kikapoa.

Jumamosi, 10 Machi
Baba hayuko kitandani! Nimemkuta pembeni mwa shamba, amepiga magoti kwenye tope, anafukia kitu kwa kiganja. Akaniambia haya, mwanangu, sasa na wewe unaweza kupanda. Alikuwa anatabasamu. Mara ya kwanza tangu afike! Nikamkumbusha kwamba nilishapanda, kazi imekwisha, apumzike. Nikamshika mkono nikamrudisha ndani. Tulipofika mlangoni hakuwa akitabasamu tena.

Jumamosi, 17 Machi
Kichomi. Baba hakuamka tena. Tumemzika jana kwetu, karibu na Mama. Sijui nifanye nini na kile kiti. Niliwasomea waombolezaji makala yangu. Wazee walianza kuinuka kabla sijafika katikati. Watu hawapendi ukweli.

Jumatatu, 26 Machi
Mahindi yameota! Mistari kama rula, isipokuwa mche mmoja pembeni, nje kabisa ya mstari. Nimeung'oa. Beldina akauokota, akaukumbatia na udongo wake, akaingia nao ndani. Wanawake!

Habari njema: shangazi yangu Ajwang, dada yake Baba, anahamia kwetu wiki ijayo. Ni mfinyanzi, vyungu vyake vinasifiwa ziwa zima. Safari hii sitakosea. Nimeshamnunulia sufuria, asije akajisumbua.