Hamdani Asigeuzwe LI-201

Kiwanda cha Mawese,
Rusimbi, Kigoma.

Kwa Mhandisi Bonaventura,

Shikamoo kwa cheo chako. Habari ya umri tutaelewana baadaye. Mimi ni Gervasi, mwendesha boila, yule aliyekupokea stesheni na kukubebea begi la kompyuta. Tulisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa nasikia Jumatatu unatia saini ule mchoro wako wa mabomba na vipimo, na siku hiyohiyo majina niliyoyaandika kwa rangi kwenye kila geji yatakwanguliwa, vibandikwe vibao vya herufi na namba. Naomba usitie saini. Majina yale nimeyatoa mimi, ni ya watu wangu, na jambo hili linaniuma. Sababu zangu ni hizi:

1. Geji ya kimo cha mafuta kwenye tangi kubwa inaitwa Hamdani, kwa heshima ya mtunza stoo wetu, kwani wote wawili hawakuambii kilichobaki mpaka uulize mara ya pili. Wewe umeiandika LI-201. Hamdani mwenyewe amekuja kuniuliza amekosa nini. Hata mfungwa husomewa shtaka kwanza, ndipo apewe namba.

2. Ulitufundisha kwa upole kwamba herufi ya kwanza husema kinachopimwa: P ni presha, L ni kimo, T ni joto. Tukaandika. Halafu ukasema T hiyohiyo ikikaa nyuma si joto tena, ni kifaa kinachopeleka habari. Mhandisi wangu, mtu anayegeuka kwa sababu tu amehama kiti, huku kwetu hatumpi hata ufunguo wa choo.

3. Katika mchoro, kifaa kilichoko chumba cha udhibiti kina mduara wenye mstari katikati, na kilichoko nje kwenye bomba kina mduara mtupu. Yaani aliye kwenye kiyoyozi amefungwa mkanda, na anayeungua na mvuke yuko kifua wazi. Vijana wa zamu wameliona hilo na wameanza kuulizia mikanda yao.

4. Hili ndilo zito. Kipimajoto cha pipa la kuchemshia ngazi za mawese, ile mikungu ya michikichi, kinaitwa Dunia, na valvu ya mvuke inayokitii inaitwa Lukas. Ni mke na mume wa Mwamgongo wanaotuletea mzigo kwa boti. Dunia akipanda joto, Lukas anafunga. Ndivyo walivyo hata nyumbani kwao. Wewe umewapa namba moja, 102, ukawaunganisha kwa mstari uliokatikakatika. Ndoa ya kanisani, Mhandisi, umeichorea mstari wa kukatikakatika! Lukas akija kuuona, mzigo ataupeleka kwa wengine.

Unasema mkaguzi akitoka Dar es Salaam hatajua Hamdani ni nani. Basi na aje siku moja kabla, tumtambulishe, ale samaki wetu wa migebuka, alale. Na kama ni lazima namba, tuanzie juu: mlango wako uandikwe ME-001, nawe uwekwe ndani ya mduara, mstari nitauchora mimi.

Nimemaliza bila kinyongo. Wasalimie wote ofisini, msalimie na dada wa mapokezi ambaye bado hana namba. Huku kwenye boila wote wanakusalimu kwa Kiha, mwakeye.

Mimi mtumishi wako mwenye jina,
Gervasi Leonardi

Tanbihi: Nilikuwa nafunga bahasha mshenga wangu aliporudi kutoka kwa Mama Ritha, mpishi wa kantini yetu, nilikopeleka posa ya binti yake. Geji ya presha ya boila, kama ujuavyo, inaitwa Mama Ritha. Mshale wake hukwama, kwa hiyo kila asubuhi naipiga kofi mbele ya zamu nzima nikisema, amka Mama Ritha. Posa ameipokea kwa furaha, ila mkwe anayemzaba makofi hadharani hamtaki, na mahari hataipokea mpaka aone jina lake limekwanguliwa na kibao kimebandikwa. Mhandisi, mchoro wako ni mzuri sana. Tia saini leo, usingoje Jumatatu. Mama amesema PI-301 niipige nitakavyo.