Maili Kumi na Moja za Chumvi Rasmi

Kwa furaha na taadhima, Ofisi ya Ustawi wa Chumvi iliutangazia umma wa Utah, pamoja na wapenzi wa mwendo kasi popote walipo, kwamba njia ya mbio za magari kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikipungua kwa sababu za kimaumbile, imerefushwa tena hadi maili kumi na moja, kama ilivyokuwa enzi za mababu. Tangazo lilibandikwa pale lami inapoishia, chini ya bango lenye kauli mbiu ya Ofisi: Polepole Ndio Mwendo.

Mkurugenzi wa Ofisi, Bwana Thayne Ballif, alilisoma tangazo hilo akiwa amesimama, kisha akalisoma tena akiwa garini, kiyoyozi kikimpuliza usoni. Lilikuwa limekaa vizuri. Alikuwa mtu nadhifu, shati lake limepigwa pasi hata mikunjo ya kiwiko, mwenye heshima kanisani, asiyegusa kahawa wala pombe, na aliyejipoza kwa soda yenye krimu katika kikombe kikubwa kama kopo la kuogea. Alikuwa ameutumikia uwanda wa chumvi kwa miaka mingi bila kuukanyaga kupita kiasi, kwa kuwa chumvi hula viatu.

Sifa za kuirefusha njia zilikuwa zake peke yake. Wataalamu walikuwa wamependekeza chumvi irudishwe kwa mabomba kutoka kwenye mabwawa ya kampuni ya mgodi iliyokuwa ikiichota upande wa pili wa barabara kuu. Pendekezo hilo lilikuwa na kasoro mbili: lilihitaji kazi, na lingeiudhi kampuni. Ballif aliirudisha chumvi kwa hesabu. Alichukua chumvi yote iliyowahi kutoka Bonneville, ya mabwawani, ya maghalani, iliyomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, hata ile iliyokwenda California imeganda chini ya magari ya mbio, akaijumlisha na iliyobaki, kisha akaigawanya kwa eneo lote. Wastani ukatoka unene wa mkono hadi kiwiko. Hakuna aliyebeba hata mfuko mmoja.

Watu wa mbio hawakushukuru. Walikuwa wamefika na magari yao na mahema yao, pua zimeungua kwa chini, kwani huko jua linakupiga mara mbili, mara ya kwanza kutoka mbinguni na mara ya pili kutoka kwenye chumvi. Pembeni mwa njia rasmi walikuwa wameona ukanda wa maili tano za chumvi ngumu, wakauburuzia boriti ya chuma mpaka ukalainika kama meza. Ofisi haikuutambua ukanda huo. Njia rasmi ilikuwa ile yenye mstari mweusi, iliyonyooka kuelekea mlima ule unaoonekana kama unaelea. Mwanzo wake ulikuwa mzuri. Kuanzia maili ya tatu, chumvi ilikuwa nyembamba kama ukoko wa wali, na chini ya ukoko lilikuwa tope.

Aliyekuwa na haraka kuliko wote alikuwa LaRue Wixom, mwalimu mstaafu wa Grantsville, mwenye miaka sitini na minane. Gari lake la manjano, refu na jembamba, aliloliita Sindano, alikuwa amelijenga yeye na mumewe Orlo katika banda la kuhifadhia nyasi, tangu watoto wao wakiwa shuleni. Rekodi ya daraja lao, yaani ya magari ya aina yao, ilikuwa maili mia tatu na tisa kwa saa. Na rekodi huko si kwenda tu. Unapita maili iliyopimwa, kati ya taa na taa, unageuza, unapita tena kwa upande wa pili kabla ya saa moja kwisha tangu umalize safari ya kwanza, ndipo mwendo wa kwenda na wa kurudi unajumlishwa na kugawanywa kwa mbili. Mara moja LaRue alikuwa amekwenda vizuri, na injini ikapasuka akirudi. Miaka iliyofuata ilikuwa mvua, au tope, au vyote viwili. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia. Daktari alikuwa ametia saini kibali chake cha kuendesha, akamwambia asimletee tena karatasi hiyo maishani. Ilikuwa wiki hii au basi.

Jumatatu asubuhi, baada ya sala, wimbo wa taifa na donati, Ballif aliwasomea watu wa mbio kanuni mpya. Alikuwa ameziandika mwenyewe, na sauti yake ilitetemeka kidogo alipofika kwenye vifungu alivyovipenda. Kila chombo kitapita kwenye njia rasmi na si kwingine. Kila chombo kitakachopita kwenye taa za saa kitapimwa, bila kujali cheo, na rekodi ikishaandikwa haitafutwa ila kwa kuvunjwa. Kifungu hicho alikitunga kwa sababu aliwashuku watu wa mbio kwamba wanafuta safari zao mbaya. Kisha kikaja Kifungu cha Tisa: chombo cha Ofisi kikiwa kwenye njia rasmi kwa ukaguzi, vyombo vingine vyote vitapisha na kutumia ukanda wa pembeni. Hicho alikiandika baada ya kupigiwa honi mwaka uliopita kama mtu yeyote tu. Mwenye nguvu mpishe, na Ballif aliona hakuna ubaya jambo hilo likiwekwa kwenye kanuni.

LaRue aliinua mkono. Waliwahi kusali kanisa moja, kwa hiyo alimwita kama wanavyoitana kanisani.

"Ndugu Ballif, hiyo maili ya nne umeipita mwenyewe?"

"Dada LaRue, Ofisi imeipima."

"Sijaiuliza Ofisi. Nakuuliza wewe."

Orlo, ambaye sikio lake moja lilikuwa limeliwa na kelele za injini, alimwinamia mkewe. "Kasemaje?"

"Anasema imepimwa."

"Kwa mguu au kwa mdomo?"

Watu wakacheka. Ballif hakupenda kicheko ambacho hakikuwa kwenye ajenda.

"Nikiingia kwenye tope kwa maili mia tatu," alisema LaRue, bila kupandisha sauti, "mtanizoa kwa kijiko."

"Ndiyo maana Ofisi inahimiza mwendo wa busara," alisema Ballif.

Alidhani wameelewa. Lakini swali lile la maili ya nne liliendelea kumkera. Huko makao makuu nafasi ya Naibu Mkurugenzi Mkuu ilikuwa wazi, na wakubwa walikuwa wamemwomba uthibitisho kwamba njia iliyorefushwa imetumika. Basi angeitumia. Aliingia kwenye gari la Ofisi, zito, jipya, lenye friji ndogo ya soda na maboksi ya vipeperushi vilivyoeleza unene wa chumvi, akatangaza kwenye redio kwamba Ofisi inafungua njia kwa ukaguzi.

Inez Quigley, mtunza saa, ambaye kibanda chake kilisimama kati ya njia zote mbili, alimuuliza kama azime saa mpaka yeye apite.

"Washa," alisema Ballif. "Bila kujali cheo."

Alipita maili ya kwanza na ya pili akipiga mluzi. Kwenye maili ya tatu, pale palipopimwa, alipita taa ya kuanzia kwa mwendo wa heshima. Aliikaribia taa ya kumalizia mpaka akaweza kusoma namba iliyoandikwa kwenye mguu wake. Hapo mlio wa chumvi chini ya magurudumu ukakatika, pakawa kimya, na gari likakaa kitako taratibu kama mgeni aliyekaribishwa.

Ballif alikanyaga mafuta. Magurudumu yalichimba. Alikanyaga tena, kwa mamlaka zaidi, na tope likapanda hadi kwenye vitasa vya milango ya nyuma.

"Mkurugenzi, umesimama?" aliuliza Inez redioni.

"Sijasimama. Nakagua."

"Saa inaendelea kuhesabu."

"Iache ihesabu."

Redio ile ilisikika kwenye kila hema na kila gari uwandani. Ikaja sauti ya LaRue. Ilikuwa tayari nzito, ya mtu aliyevaa kofia ngumu. Aliomba asomewe Kifungu cha Tisa. Inez akakisoma, neno kwa neno, mpaka kwenye ule ukanda wa pembeni. LaRue akauliza kama chombo cha Ofisi kiko kwenye njia rasmi. Inez akasema kiko, tena kimetulia.

Ballif alifungua dirisha ili apinge, tope likaingia. Akapanda juu ya paa la gari, na redio yake ya mkononi na kikombe chake cha soda. Ukanda wa pembeni ulikuwa mbele ya macho yake, na watu wa mbio, ambao walikuwa wameuwekea taa zao za akiba tangu siku walipoulainisha, walikuwa wanaziwasha. Kwa mbali gari la kusukuma lilianza kuisukuma Sindano, likaiachia. Kikaja kidoa cha manjano, hakina sauti. Kikapita. Sauti ikafuata nyuma yake ikatikisa paa, na soda ikamwagikia shati.

"Mia tatu na kumi na mbili," alisema Inez.

Huko mwisho wa ukanda walikuwa wanageuza gari, wanakunja parachuti ya kulisimamishia, wanajaza mafuta, mbio mbio, kabla saa moja haijawakatikia. Juu ya paa, jua lilikuwa linamchoma Ballif chini ya kidevu. Vipeperushi vilikuwa vimeanza kuelea kutoka dirishani. Aliona heshima ya Ofisi imetosha kwa siku moja.

"Inez, leteni gari la kunivuta."

"Sawa, Mkurugenzi. Gari la minyororo liko tayari. Niseme ukaguzi umekwisha?"

"Sema umekwisha."

"Na njia rasmi iko wazi, maili zote kumi na moja? Maana ikiwa wazi, LaRue hana ruhusa tena ya pembeni. Itabidi arudi kwa hiyo uliyopo. Nasubiri neno lako. Wote tunasikiliza."

Ballif alishika redio. Akisema iko wazi, mwanamke yule angeambiwa apite hapa, na hapa palikuwa mahali ambapo hata mbuzi asingepita. Akisema njia hiyo haipo, basi haikuwahi kuwapo, na tangazo, na hesabu, na nafasi kule makao makuu, vyote vingekwenda na tope. Alitazama chini. Tope lilikuwa limefika kwenye usukani.

"Ukaguzi," alisema, "bado unaendelea."

"Mpaka lini?"

"Kwa muda usiopungua saa moja."

"Asante, Mkurugenzi. Kagua vizuri."

Sindano ilirudi. Safari hii Ballif alishika kikombe kwa mikono miwili. Inez aliisoma saa yake, akasema mia tatu na kumi na sita, na sauti yake ikavunjika, akashindwa kugawanya kwa mbili. Watu wakamgawia kwa kelele, honi na masufuria. Redioni LaRue alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kama mtu aliyebeba mzigo tangu ujana wake na sasa ameambiwa autue. Alipopata pumzi aliomba jambo moja, kwamba Ndugu Ballif ashukuriwe, kwa sababu bila yeye kuzama, asingepata njia.

Ndipo Orlo alipokuja na gari la minyororo, lile linalotumika milimani kusawazisha theluji, ambalo halizami. Alizunguka mbele, kwa sababu ndoano ya nyuma ilikuwa imekwisha kumezwa, akafunga kamba.

"Habari za huko juu, Ndugu Ballif?"

"Nzuri," alisema Ballif.

"Aliye juu mngoje chini. Sisi tumekungoja."

Alimvuta kwenda mbele hadi akaipita taa ya kumalizia. Mbele ya hapo palikuwa na dimbwi, kwa hiyo hakukuwa na njia ila kugeuza na kumburuza kule kule alikotoka, akiipita maili ile ile, taa hadi taa, vipeperushi vikimfuata kama bata.

Inez alikuwa anamsubiri mlangoni mwa kibanda.

"Hongera, Mkurugenzi. Umekwenda na umerudi."

"Nimekokotwa."

"Kanuni haisemi kwa nguvu za nani. Daraja la Magari ya Serikali, Mazito, Yenye Kiyoyozi. Halikuwa na rekodi. Wastani wako haufiki hata maili tatu kwa saa."

Ballif alisema ifutwe. Alisema kwa upole, kisha kwa cheo. Inez alimwelewa kabisa, akamkumbusha kifungu: haifutwi ila kwa kuvunjwa.

Makao makuu walifurahi kupita kiasi. Walimpongeza kwa kuweka rekodi ya kwanza katika historia ya njia iliyorefushwa, wakaitaja bungeni kama ushahidi kwamba fedha za umma zimezaa matunda. Kuhusu nafasi ya Naibu, walimpa mtu mwingine, kwa kuwa si busara kumhamisha bingwa kutoka uwanjani kwake.

Agosti iliyofuata Ballif alikuwepo pale lami inapoishia, amevaa shati lililopigwa pasi. Katika mkutano wa asubuhi majina ya wenye rekodi yalisomwa, na lake lilisomwa pia, na watu wa mbio wakavua kofia bila mtu hata mmoja kutabasamu. LaRue Wixom hakuwa na kibali tena, lakini alikuwa amepewa bendera ya kuanzishia mbio. Hakuhitaji macho makali kujua gari jeupe la Ofisi limesimama wapi. Alilielekea, akasimama pembeni mwa mstari mweusi, akaikunjua bendera yake kuelekea ule mlima unaoelea.

"Haya, Ndugu Ballif," alisema. "Rekodi yako inakuuma, nasikia. Ivunje. Njia iko wazi, maili zote kumi na moja."

Ballif aliutazama ule mstari mweusi mpaka ulipopotea kwenye weupe. Kisha akasema ana mkutano mjini, akaondoka, kwa lami.