Kuta Tatu za Korongo

Injinia hakusomea uinjinia popote. Aliokota kofia ya plastiki ya manjano kwenye jengo lililotelekezwa, na tangu siku hiyo watu wakawa wanamwamkia kwa adabu. Naye hakuona sababu ya kuwasumbua kwa ukweli.

Alipanga chumba kwa Mama Funguo, mjane aliyechonga funguo barazani na kufagia unga wa shaba kila jioni, akiutia kwenye kopo la maziwa. Nyumba ilisimama mdomoni mwa korongo, na kila mvua ilimega kipande cha uwanja. Choo kilishakwenda. Jiko lilikuwa linafuata.

Siku moja alimkuta akiipangusa ramani ya marehemu mumewe, mpima ardhi. Ilijaa mistari ya miinuko na alama tatu nyekundu.

"Mistari ikibanana, maji yanakimbia," mama alimweleza bila kuulizwa. "Ikiachana, yanapumzika, yanatua mzigo. Hapo ndipo marehemu alitaka zijengwe kuta za mawe. Aliandika barua mpaka akachoka, hakuna aliyemjibu."

"Mzigo gani, mama?"

"Tope, mwanangu. Kwani maji yabebe nini kingine?"

Kichwani mwa Injinia yalikuwa yameshabeba kitu kingine. Aliomba kuiazima ramani, akapewa upesi mno, jambo ambalo lingemshtua mtu asiyejiona mjanja.

Kesho yake aliitandaza juu ya meza ya bucha.

"Huko juu kuna mwamba wa dhahabu," alimnong'oneza mwenye bucha. "Mvua inausugua, vumbi linashuka na maji. Bila ukuta, linapotelea mbali."

"Kwa hiyo miaka yote hii tunaikanyaga tu?"

"Mnaikanyaga, halafu mnapangusa viatu."

Mwenye bucha alizitazama soli zake kwa uchungu.

Wiki haikuisha, yeye, mwenye duka la dawa na mwenye malori walikuwa wanabeba mawe mchana kweupe, wakiwaambia wapita njia kwamba ni mazoezi ya mgongo. Kuta tatu zilisimama palepale penye alama. Injinia alilipwa suti, redio, na pikipiki ya mwenye bucha. Alipanga kutoweka Jumapili. Mvua ikanyesha Jumamosi.

"Nimechimba mpaka viwiko, Injinia. Naona tope," mwenye bucha alilalamika.

"Dhahabu ina aibu. Ipe muda."

Alikuwa anaondoka na pikipiki alipoona, nyuma ya ukuta wa mwenye bucha, mstari wa manjano ukimetameta juani. Akainama, akagusa. Kidole kikang'aa. Maskini, alikuwa amewadanganya wote mtaani, akabaki yeye tu.

Alirudi mbio kumwambia mwenye bucha kwamba dhamiri inamsuta: achukue pikipiki, wenzake suti na redio, yeye abaki na hizo kuta zisizo na faida. Walikubali kabla hajamaliza kusema. Mama Funguo ndiye aliyeandika makubaliano: mwenye kuta atazoa tope kila baada ya mvua, maana ukuta uliojaa haushiki maji. Injinia alitia sahihi yenye mikia miwili.

Alichimba siku mbili. Ndoo ya kwanza ilikuwa na manjano, zilizofuata tope tupu. Siku ya tatu alishuka nyumbani, mgongo umepinda, akaliona kopo la maziwa barazani. Lilikuwa limeoshwa na kuanikwa. Alikitazama kidole chake kwa muda mrefu.

"Mama, unga wako wa shaba uko wapi?"

"Niliumwaga, mwanangu. Ulikuwa unanijazia nyumba."

Alikimbilia chumbani kuchukua sanduku lake ajiondokee. Mlangoni palikuwa na kufuli jipya, kubwa kuliko ngumi yake.

"Nimelibadilisha. Wezi wamezidi," mama alisema, huku akikoroga sufuria katika jiko lake, lililokuwa bado limesimama. "Ufunguo ninao. Umebakiza ukuta wa juu."

Akampa koleo. Kisha sauti yake ikalainika, na wala hakuwa anatania.

"Marehemu angekupenda sana. Alitafuta injinia miaka kumi na mmoja."

Injinia alivaa kofia yake, akapanda korongo.