Wachumba Watatu wa Coletha

Maisaka, Babati
14 Juni 2011

Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Valence Theodory, muumini wako, ingawa kompyuta ya parokia haikubali. Naandika kwa heshima na kwa hasira, heshima ikiwa mbele kidogo.

1. Jumapili ya kwanza ya matangazo ya ndoa yangu, Katekista Marseli alisoma karatasi kama ilivyotoka kwenye mashine: Coletha Baltazar wa Nakwa anatarajia kufunga ndoa na Muumini@3b79f. Jina la Coletha lilinusurika kwa sababu lililetwa kwa barua ya mkono kutoka kigango chao.

2. Jumapili ya pili umeme ulikatika, kompyuta ikawashwa upya, mchumba akawa Muumini@c41d0. Ya tatu nikawa Muumini@77ae2. Programu inamtaja mtu kwa mahali alipowekwa ndani ya mashine, na kila ikiwashwa inamhamishia kwingine. Katekista alipouliza kama kuna mwenye kujua kizuizi, Mama Kornelia alisimama akasema binti huyu ana wachumba watatu. Hesabu yake haina kosa.

3. Hilary wa kwaya sasa anadai yule wa Jumapili ya pili ni yeye. Nimeshindwa kumkanusha, maana hata mimi sina cheti cha kuonyesha kwamba c41d0 ni mimi.

4. Baba mkwe, Mzee Baltazar, amesimamisha harusi iliyokuwa iwe Jumamosi ijayo. Amesema, "Simtoi binti yangu kwa wanaume watatu, tena wasio na ukoo." Baba, nampenda Coletha, na naogopa kumkosa.

Kwa hiyo naomba unibatize upya kwa jina la 77ae2, kabla umeme haujakatika tena. Ikishindikana, utufungishe ndoa sote watatu, nami nitasimama mara tatu. Tena mwandishi wa programu aitwe mbele ya halmashauri ya parokia, aeleze ni uvivu gani ulimzuia kuifundisha mashine kumtaja mtu kwa jina lake na la baba yake.

Nisalimie masista, wanakwaya wote isipokuwa mmoja, na Mama Kornelia, ambaye simlaumu.

Wako katika Kristo,
Valence Theodory
(kwa niaba ya wenzangu wawili)

N.B. Programu niliiandika mimi, kwa kujitolea. Sehemu ya kumtaja mtu kwa jina ni mistari mitatu tu. Niliiruka nikidhani hapa kila mtu anajulikana. Jana Coletha aliniambia, "Basi anza na mimi. Andika mimi ni nani kwako, mzee akisoma atalegea." Nimekaa na karatasi tangu asubuhi. Mpaka sasa nimeandika namba yake ya simu.