Tusi la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Kituo cha televisheni kimekataa matusi kwenye tamthilia yetu ya angani. Sasa nahodha akigongwa na kimondo aseme nini, samahani? Mama Mtayarishaji katuagiza sisi waandishi wawili, mimi na shemeji, kila mmoja abuni tusi lisilokuwepo duniani. Litakaloshika midomoni mwa watu, mwenye nalo atabaki msimu ujao. Mwingine aage.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Kazi hii nilimtafutia mwenyewe, kwa ujinga wangu. Tusi langu limenichukua siku nzima: farantakutwaliza. Lina uzito. Lake kalitunga huku anatafuna karanga: gwazu. Nimemhurumia.

Jumatano, 5 Machi
Jana yote mawili yamekwenda hewani. Nahodha kaanza kutamka langu, chombo kikalipuka kabla hajalimaliza.

Leo asubuhi mama mkwe kashika mfuniko wa moto. Gwazu, kasema. Mama mkwe, asiyekosa ibada hata akiumwa! Halafu kacheka, eti mwanawe ana kipaji. Mke wangu naye kacheka. Watoto wakagaagaa sakafuni. Nimekunywa chai yangu. Roho inaniuma, naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 7 Machi
Mkakati: kulipeleka langu mitaani. Kwa kinyozi, mashine ilipofika sikioni, nikalitamka kwa nguvu. Kinyozi akazima mashine, akaniuliza kama nimemeza dawa zangu. Kwenye foleni ya benki nikajikwaa makusudi, nikatamka tena. Mama mmoja akaniombea.

Nje, fundi viatu kajipiga nyundo kidoleni. Gwazu, kasema, tena kwa raha zake.

Jumatatu, 10 Machi
Nimebana pua kwa leso, nimepigia kituo simu. Mimi ni Mzazi Mwenye Uchungu. Nimewaambia gwazu ni tusi zito mno katika lugha ya bibi yangu, halitamkiki mbele ya wakwe. Kufikia mchana Mama Mtayarishaji kaagiza lifunikwe kwa mlio. Shemeji kanywea kabisa. Nimempa pole, nikamnunulia soda. Leo nitalala usingizi wa pono.

Alhamisi, 13 Machi
Balaa. Mlio ukilia, kila sebule inajazia yenyewe. Hata wasiotazama tamthilia sasa wanatazama, wajue ni tusi gani hilo zito hivyo. Mama Mtayarishaji kamshukuru yule mzazi hewani. Shemeji kaletwa nyumbani na gari la kituo. Mezani mama mkwe kampakulia paja la kuku. Mimi shingo.

Ijumaa, 14 Machi
Siku ya uamuzi, sote studioni. Nikaomba nafasi ya kulitetea langu. Nikavuta taa kubwa inimulike vizuri, ikaniangukia mguuni.

Sitaki kuandika nilichosema. Nilisema gwazu. Limetoka tumboni, kwa sauti nisiyoijua. Studio nzima ikapiga makofi. Shemeji alinidaka nisianguke, machozi yanamlenga, akaniambia hakuna aliyewahi kulisema vile, hata nahodha. Nilitamani anicheke, ningemchukia vizuri zaidi.

Uandishi nimeukosa, kabaki yeye. Ila Mama Mtayarishaji kaipenda ile sauti, kanipa nafasi ya kuigiza.

Jumatatu, 17 Machi
Mimi sasa ni kichwa cha kushoto cha kiumbe mwenye vichwa viwili. Kazi yangu ni kusema gwazu, basi. Kichwa cha kulia ni mpika chai wa studio. Yeye kaandikiwa hotuba nzima, na nywele kavalishwa. Mimi kipara! Aliyeandika ni nani? Shemeji.

Mke wangu kasema nishukuru Mungu, na yaliyopita yawe yamenifunza. Nimemwambia yamenifunza sana. Kesho Mzazi Mwenye Uchungu anapiga simu. Kiumbe wa vichwa viwili anatisha watoto, kimoja kinatosha, hasa cha kushoto. Leso nimeshaifua.